Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Bamvua Halingoji Akidi

Ndugu wanachama, assalaam alaykum.

Hesabu mtasomewa na mhazini. Mimi nitazungumzia jinsi kamati inavyoamua mambo, na yaliyoipata mashua yetu kwa sababu hiyo.

Chombo cha mbao hupandishwa pwani kwenye kilele cha bamvua, yaani maji makubwa, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, wakati maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kazi hufanywa katika maji mafu, siku ambazo bahari hupanda kidogo tu, kisha chombo hushushwa bamvua linalofuata, takriban siku 15 baadaye. Ukilikosa, maji hayakifikii tena mpaka bamvua jingine.

Mwaka huu mashua ilipandishwa Tudor kwa wakati, lakini fedha za pamba ya kuzibia maungio ya mbao, misumari na deheni ya kupaka chini ya chombo hazikuidhinishwa. Kikao cha kwanza hakikufikia akidi. Cha pili kilifikia, ila waliokosa cha kwanza wakataka mjadala uanze upya. Cha tatu kikataka bei za maduka mengine, ingawa tofauti ilikuwa ya shilingi chache. Bamvua likapita na chombo kikabaki juani.

Mbao zikikauka kupita kiasi husinyaa na maungio hupanuka. Fundi akipiga kalafati, yaani akishindilia pamba kwenye maungio, kwa kufuata upana huo, mbao zikija kufura majini hazina pa kwenda: husukuma pamba nje, au hulegeza misumari kwenye mataruma, zile mbavu za chombo. Ndiyo maana mnakumba maji kila safari. Kurekebisha kunataka pamba yote itolewe, mbao zifunikwe magunia yaliyoloweshwa maji ya bahari kwa siku kadhaa, kisha pamba mpya iliyotiwa mafuta ipigwe kidogo kidogo bila kukazwa mno, na deheni ya shahamu na chokaa ipakwe chini yote. Maji ya mvua au ya bomba yasitumike, kwani huozesha mbao.

Linaloniuma zaidi ni kwamba rangi ya tanga ilijadiliwa kwa muda mrefu kuliko pamba. Kila mtu ana lake la kusema kuhusu rangi; kuhusu kalafati husemi usipoijua, basi jambo huahirishwa. Tena "tutaliangalia" likiandikwa kwenye kumbukumbu bila jina la mtu wala tarehe, hakuna wa kuulizwa. Vilevile alama za dole gumba kwenye kundi la WhatsApp si kura: watu huweka dole, halafu kikaoni wakasema hawakukubali. Wajumbe wetu wanajitolea na nawaheshimu, lakini utaratibu huu unawachosha hata wao.

Kwa hiyo naomba mkutano huu urekebishe katiba. Nahodha, fundi na mhazini wapewe idhini ya kutumia hadi shilingi 15,000 kwa kila matengenezo bila kungoja kikao, mradi risiti zifike kwa katibu ndani ya siku 7. Kiwango hicho kinatosha vifaa vya kawaida. Ubao mpya au mlingoti utabaki wa kamati nzima. Akidi ishuke kutoka thuluthi mbili hadi nusu ya wajumbe. Jambo lililokwisha kupigiwa kura lisifunguliwe ila kwa taarifa mpya iliyoandikwa, si kwa sababu mtu hakuwapo. Kila azimio liwe na jina la mtekelezaji na tarehe.

Kalenda ya vikao nayo ifuate jedwali la maji. Matengenezo yaamuliwe wiki mbili kabla ya bamvua la kupandisha, vifaa viwe bandani kabla chombo hakijagusa mchanga. Kazi kubwa ikamilike kabla ya masika, kwani kalafati na deheni havishiki vizuri kwenye mbao zilizonyeshewa, na kusi, upepo wa kutoka kusini, ikianza kuvuma kwa nguvu kushusha chombo ni kazi ya hatari.

Kura itapigwa kwa karatasi baada ya hesabu kusomwa. Kila pendekezo lina karatasi yake, ili anayekataa la akidi aweze kukubali la fedha.