Mhariri, wazee hawajifanyi hawasikii

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu. Karibu kila nyumba yenye mzee utasikia maneno haya, "huyo anasikia akitaka", "we taja hela uone kama hajasikia". Watu wanasema wanacheka lakini mzee mwenyewe anaumia, na mbaya zaidi wanayoyasema sio kweli. Wanasayansi wamelichimba hili suala miaka na miaka, na ukisoma walichokikuta unaona kabisa mzee anaweza akadaka neno moja na akakosa linalofuata bila kujifanya chochote.

Iko hivi. Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kimejizungusha kama konokono, kinaitwa koklea, na humo mna seli zenye vinywele, kila sikio kama 15,000 hivi, ndo hizo unazaliwa nazo na zikifa haziji nyingine. (Kuku akiharibikiwa na za kwake zinaota tena, hilo lilijulikana 1988 na mpaka leo watu wanahangaika kujua kwa nini sisi hatuwezi.) Zilizo mwanzoni mwa koklea zinapokea sauti nyembamba, za mwishoni zinapokea sauti nzito, na uzeeni zinazotangulia kuisha ni zile za mwanzoni. Sasa kwenye maongezi sauti nyembamba ndo s, f, sh, ch na wenzao, wakati a, o na u ni nzito zaidi. Kwa hiyo mzee anajua unaongea, anasikia sauti inavyopanda na kushuka, ila "shida", "fika" na "pika" vyote vinamfikia nusunusu, anabaki kubahatisha. Ndo maana wengi wao wanakwambia kukusikia nakusikia, kukuelewa ndo shida. Na ndo maana mwanae wa kiume mwenye besi akiongea anajibiwa, mkwe mwenye kasauti kembamba akiongea hajibiwi, halafu mkwe anaamini anachukiwa. Nyumba zinaingia ugomvi hapo kwa kitu cha masikio tu!

Halafu kuna lingine ambalo mimi ndo lilinishtua zaidi. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Boston, Sharon Kujawa na Charles Liberman, waliwapigia panya kelele kubwa, baada ya muda wakawapima wakakuta usikivu umerudi kawaida, lakini walipochungulia ndani kwa hadubini wakakuta vile viungio vya seli na mshipa wa fahamu vimekufa vingi, na mshipa wenyewe ukaendelea kufa polepole baadae. Masikio ya watu waliofariki nayo yamechunguzwa, na nyuzi za huo mshipa zinaonekana zinapungua kadiri umri unavyokwenda hata pale ambapo seli zenye vinywele bado zipo. Maana yake mtu anaweza kupimwa kwenye chumba kimya akaambiwa yuko sawa, akienda harusini au kwenye kikao cha ukoo watu wakaongea kwa pamoja haelewi kitu, anaamua kukaa kimya, mwisho anaacha kwenda kabisa.

Kuna watakaosema sawa lakini si ndo uzee wenyewe, utafanyaje. Hapo ndipo nataka tusikubaliane. Miaka ya mwanzo ya 1960 daktari wa masikio kutoka New York, Samuel Rosen, alikwenda na wenzake kuwapima watu wa kabila la Mabaan, Sudan ya wakati ule, leo hiyo sehemu iko Sudan Kusini karibu na mpaka wa Ethiopia. Kule hakukuwa na mashine wala bunduki, vijiji vilikuwa kimya sana, na wazee wa pale wakakutwa wanasikia vizuri kuliko Wamarekani wa umri wao, hasa zile sauti nyembamba. Matokeo yalichapishwa 1962. Rosen hakusema ni ukimya peke yake, maana presha zao pia zilikuwa hazipandi na umri kama za watu wa mjini, na sikio linaishi kwa vimishipa vidogo sana vya damu kwa hiyo moyo na mishipa vinaingia humohumo. Kwangu hiyo inatosha kuonyesha kwamba umri unachukua sehemu yake, na sehemu nyingine tunaichukua sisi wenyewe kwa kelele, sigara, kisukari kisichoangaliwa, presha, na baadhi ya dawa kama sindano za gentamicin ambazo sifa yake ya kuua seli za sikio inajulikana siku nyingi. Kuna na kurithi pia, hilo huna la kulifanya.

Mjomba wangu ameendesha mashine ya kusaga nafaka tangu kijana, bila chochote masikioni. Hakuna aliyemwambia. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki ndo mwisho, ukizidisha unajiumiza, na kila sauti inapopanda kidogo tu muda salama unakatika haraka. Mtu wa mashine ya kusaga, fundi wa kuchomelea na grenda yake, konda anayeshinda chini ya spika ya daladala, hawa wote tunawaandalia uziwi wa uzeeni sasa hivi wakiwa vijana.

Na haliishii masikioni. Mwaka 2011 Frank Lin na wenzake wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 639 kwa karibu miaka 12. Wenye upungufu mdogo wa kusikia walikuwa na hatari karibu mara mbili ya kupata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, wa kati mara tatu, mkubwa mara tano hivi. Hilo peke yake halithibitishi kwamba sikio ndo chanzo, kwa hiyo wakafanya jaribio lenyewe, likatoka 2023: wazee 977 wa miaka 70 mpaka 84, nusu wakapewa mashine za kusikia na kufundishwa, nusu wakapewa ushauri wa afya tu. Baada ya miaka mitatu kwa ujumla hakukuwa na tofauti ya maana, ila kwa kundi la wale waliokuwa na hatari kubwa tangu mwanzo akili zao zilishuka polepole zaidi kwa 48%. Sio dawa ya kila mtu, lakini ukiwa na mama yako unaona anaanza kusahau utaipuuza namba kama hiyo kweli?

Sasa ombi langu kwa wahusika ni dogo tu. Wazee tayari wanakwenda kliniki za presha na kisukari kila mwezi, wawepo watu wa kuwachungulia masikio palepale. Kuna wengine ni nta tu imeziba, ikitolewa wanasikia siku hiyohiyo. Wengine wapimwe na waambiwe ukweli kuhusu mashine za kusikia, kwamba zinachukua wiki kadhaa kuzizoea na hazirudishi sikio la ujana, na bei yake iangaliwe maana kwa dunia nzima kati ya wanaozihitaji wanaozitumia ni 17% tu.

Nyumbani nako zima redio, kaa mbele ya mzee akuone mdomo, usipayuke, na asipoelewa usirudie neno lilelile, liseme kwa namna nyingine.

Na kwenu wahariri, tarehe 3 Machi kila mwaka ni Siku ya Usikivu Duniani. Naomba mwaka huu mtenge ukurasa mzima, mmuite daktari wa masikio ajibu maswali ya wasomaji, na maandishi yawe makubwa ili wazee wasome wenyewe.

Msomaji wenu,
Morogoro