Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: kile kipande cha Kahe kina watu wamelala, kisiuzwe kwanza

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, shikamoo.

Najua una mambo mengi, mara maji, mara wakulima na wafugaji, mara wageni wa mlimani, kwahiyo ngoja nianze na ombi lenyewe alafu stori ije baadae. Huku tambarare upande wa Kahe kuna kipande cha ardhi, hakifiki hata nusu eka, mwenye shamba anataka kukikata viwanja auze, na wazee wa hapa wote wanakwambia pale ni makaburi ya ile vita ya Mjerumani na Mwingereza. Sio makaburi ya ukoo wa mtu yeyote wa hapa. Ni watu waliokufa safarini, wenzao wakawafukia chapchap wakabeba mizigo wakaendelea. Naomba ofisi yako imwombe mzee asiuze kwanza, itume wataalamu waje waangalie, na wakisema kweli ni makaburi basi pawekwe uzio na kibao. Hilo tu.

Sasa stori yenyewe. Vita ya kwanza ya dunia sisi shuleni tumeisoma kama ugomvi wa Wazungu huko kwao, unakariri Sarajevo, unakariri mkataba wa Versailles, mtihani unaisha unasahau. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba vita yenyewe ilipita hapahapa tunaponunulia ndizi. Machi 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts, yule Kaburu wa Afrika Kusini, yalitokea upande wa Taveta, wakapigana usiku kwenye vilima vya Latema na Reata pale mpakani, wakaingia Moshi, alafu tarehe 21 mwezi huohuo wakapigana Kahe kwa sababu Kahe ndo palikuwa na reli ya kwenda Tanga na Wajerumani walikuwa wamejichimbia pale. Von Lettow, kamanda wa Wajerumani, aliona maji yamemfika shingoni, usiku akavusha watu wake mto Ruvu akaondoka, lile zinga la bunduki kubwa lililotolewa kwenye meli yao ya kivita ya Königsberg wakaliharibu wakaliacha palepale. Haya yote yapo vitabuni, mpaka majina ya maofisa na nani alitangulia kuvuka wapi.

Ambao huwaoni humo vitabuni ni waliobeba. Ndorobo, yaani mbung'o, walimaliza farasi na ng'ombe, mvua zikaanza magari yakazama kwenye tope, kwahiyo kila kitu kikahamia kwenye vichwa vya watu, unga, risasi, mahema, dawa, mpaka chupa za mabwana wakubwa sijui kama ziliachwa. Kilo 25 hivi kwa mtu, siku nzima, na chakula chenyewe unga ambao mara nyingi hauna hata kuni kavu za kuupikia ukaiva. Upande wa Waingereza peke yake inasemekana walichukuliwa watu zaidi ya milioni moja kwa miaka yote ya vita mpaka 1918, na wanahistoria wanakadiria waliokufa ni zaidi ya 90,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi, ni kuhara damu, malaria, nimonia, kuchoka tu mtu anakaa chini haamki. Na Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, hao hesabu yake ndo usiseme.

Mmoja wao ni baba yake babu yangu. Sisi ni wa huku mlimani. Aprili 1916, mvua zikiwa ndo zinamwagika, Smuts alimtuma jenerali wake mmoja anaitwa van Deventer kutoka Arusha apite Lolkisale ateremke mpaka Kondoa Irangi. Walifika Kondoa katikati ya mwezi huohuo lakini nyuma yao njia ikakatika kabisa, farasi wamekufa njiani, magari hayapiti, jeshi liko Kondoa halina chakula, na kilichowaokoa ni wapagazi kutembea na mizigo kwenye maji ya magotini siku nyingi tu. Kwenye ukoo wetu stori yake ina sentensi moja, alienda Kondoa na mizigo. Hakuna anayejua aliishia kabla ya kufika au wakati wa kurudi.

Mheshimiwa kama umeshakaa hapa Kilimanjaro Desemba moja umeshaona. Sisi tunazika kihambani, makaburi yako hapohapo kati ya migomba na kahawa, masale yameota pembeni, na Krismasi ikifika watu wanapanda kutoka Dar na Mwanza na wapi, kitu cha kwanza kabla hata ya mbuzi ni kufyeka makaburi na kupaka chokaa, wenye hela wanaweka marumaru na picha ya marehemu. Ya kwake haipo. Jina lake lipo, analo kaka yangu kwa utaratibu wa kwetu wa kurithisha majina, lakini pa kulifyekea majani hakuna.

Ndo maana niliposikia habari ya hicho kipande cha Kahe nilishuka. Sikutegemea kumkuta yeye, yeye alielekea huko kwingine kabisa. Ila nilifikiria hivi, kama wetu yuko mahali njia ya Kondoa, basi hawa wa Kahe nao ni wa watu, kuna familia sijui Tabora, sijui Machakos, sijui Kisumu, mpaka leo wanasema alienda Moshi na mizigo.

Nikuelezee palivyo. Ukisimama asubuhi jua likiwa bado liko chini unaona kabisa ardhi imetitia mistari mistari, kila titio lina urefu wa mtu, yamepangwa sambamba, sio mashimo ya panya wala ya mtu aliyekuwa anachimba mchanga. Upande mmoja wa kila titio kuna mawe ya mtoni matatu manne, na pale mawe ya mtoni hayapo mengine karibu, mtu aliyabeba akayaleta. Kijana wa mzee alikuwa anachimba shimo la choo akakutana na mifupa, akafukia, choo wakahamishia kwingine. Alichotoa ni kikombe cha bati. Mama mwenye nyumba hataki kiingie ndani, kinakaa kwenye banda la mbuzi juu ya boriti. Nimekishika. Chini kimeliwa na kutu mpaka kimetoboka, mkono wake umepinda, na karibu na mdomo kuna mikwaruzo mitatu imechorwa na msumari au ncha ya kisu, mtu aliweka alama yake ili kikombe chake kisibebwe na mwenzake. Hakujua kuandika lakini alitaka kijulikane ni cha nani.

Linganisha na pale Moshi mjini. Pale kuna makaburi ya vita yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, wenyewe wanaiita CWGC. Majina yanasomeka. Na mimi sina ugomvi kabisa na waliolala pale, nao ni vijana wa watu waliletwa mbali wakafa na malaria kama wengine. Ugomvi wangu ni kwamba hiyo tume ilianzishwa 1917 kwa ahadi kwamba kila aliyekufa atakumbukwa sawa bila kuangalia cheo, rangi wala dini, alafu ilipofika kwetu ahadi ikaishia baharini. Wenyewe walikuja kukiri. Aprili 2021 walitoa ripoti yao ikasema watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi Wahindi na Waafrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao Wazungu, na wengine wasiopungua 116,000, wanaweza kufika hata 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa ulinzi wa Uingereza akasimama bungeni kwao akaomba radhi. Sawa, radhi tumeisikia.

Pale Dar kuna sanamu la Askari tangu 1927, kila mtu amepiga nalo picha. Maandishi ya pale chini yanawasifu wapagazi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, alafu yanaahidi kwamba hata ukifa watoto wako watalikumbuka jina lako. Zunguka lile sanamu lote uniambie umeona jina la nani.

Afrika Kusini wenzetu wameamka. Januari 2025 pale Cape Town umefunguliwa ukumbusho wa vibarua wao weusi wa hiyo vita, zaidi ya 1,700, kila mmoja na nguzo yake ya mti na jina lake, na sehemu kubwa ya hao walifia hukuhuku Afrika Mashariki. Kenya nao wameanza kufungua madaftari ya zamani ya KAR, lile jeshi la Mwingereza la askari Waafrika, na majina yanatoka. Manake majina yapo mheshimiwa, jeshi lililokuwa linalipa mshahara haliwezi kukosa daftari, kinachokosekana ni mtu wa kuuliza kwa barua yenye mhuri. Mimi nikiandika wananijibu asante kwa kuwasiliana nasi. Mkoa ukiandika wanajibu vingine.

Kuna watu watasema, na nimeshaambiwa usoni, hao walikuwa wanambebea mkoloni, ushujaa wao uko wapi. Jamani. Walichukuliwa. Wajerumani walichukua, Waingereza walipoingia nao wakachukua, mtu yuko shambani kwake anaambiwa beba twende. Sidai wapewe medali. Nadai wasichimbiwe choo. Na kwa kuheshimu makaburi ya wapiganaji sisi Watanzania hatuhitaji kufundishwa na mtu, nenda Kaboya kule Muleba uone walivyolazwa waliokufa vita ya Kagera, nenda Naliendele Mtwara kwa waliofia Msumbiji, yanatunzwa na watu wanaenda. Tunaweza kabisa, ni vile tu hawa wa 1916 hakuna aliyewabeba.

Wengine watauliza ushahidi. Swali zuri, hata mimi silazimishi. Inawezekana ni wapagazi, inawezekana ni askari wa Mjerumani, inawezekana wamechanganyika, na sioni kama inabadilisha kitu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana watu wa akiolojia, watu wa mambo ya kale serikalini wapo, sheria ya mambo ya kale ipo tangu 1964, na ipo nyingine ya 1969 ya kuhamisha makaburi, yaani hata serikali yenyewe ikitaka ardhi haiendi tu na greda, kuna utaratibu. Waje wakague. Wakisema ni matuta ya viazi ya zamani nitakubali na mzee auze.

Kuhusu bajeti sitaki kusema sana, kibao cha bati na miti ya uzio haifiki posho ya kikao kimoja. Miti mwenyewe natoa, na vijana wa kijijini wameshasema watachimba.

Nisidanganye kwamba nimekuja kwako moja kwa moja. Nilianzia chini kama inavyotakiwa, ofisi moja ikanituma nyingine, hiyo nyingine ikasema hilo ni la ardhi, wa ardhi wakasema hilo ni la mambo ya kale, na kuna mmoja aliniuliza mimi kwenye hilo shamba nina maslahi gani. Simtaji, ana kazi nyingi na alinikaribisha chai. Ila naomba nijibu hapa, maslahi yangu ni kwamba kuna mtu mahali fulani Kondoa analima juu ya kichwa cha baba yake babu yangu na hajui, na ningependa siku moja mtu wa huko naye aulize.

Na kitu kingine kidogo. Tarehe 25 Julai kila mwaka tunaadhimisha Siku ya Mashujaa, mkuki na ngao vinawekwa, shada linawekwa, tunasimama kimya. Mwakani kwenye ratiba ya mkoa naomba wapagazi watajwe, sentensi moja tu ya mshereheshaji inatosha kuanzia, na wale wanafunzi wanaopangwa mstari kwenye jua wajue kuna watu walipita Kahe wakabaki.

Mwenye shamba sio mtu mbaya, naomba hili lieleweke asije akasumbuliwa. Ni mzee, ana watoto wa kusomesha na wajukuu, alirithi shamba na hayo makaburi ndani yake, na miaka yote hiyo hajawahi kulima pale, anazunguka na jembe. Sa hivi wanawe ndo wanamsukuma na mteja ameshapatikana, ameshakuja na tepu ya kupimia. Nimeongea na mzee amekubali kusubiri mpaka mvua za vuli zianze, zikianza anasema hana jinsi, hela ya ada inahitajika Januari. Kama mkoa unaweza kumtafutia kipande kingine cha ukubwa uleule hapohapo jirani amesema anahama nacho siku hiyohiyo bila kesi. Mtendaji wa kijiji anamfahamu na namba yangu anayo, ukimtuma mtu wako wowote tutampeleka, ila aje asubuhi mapema, jua likishapanda ile mistari haionekani.

Wako,
Mkazi wa Moshi