Julai huku Kitulo hakuna maua

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu naanza kazi ya ualimu na sijawahi kuwaandikia. Ila hii taarifa ya kwamba Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, huku kwetu Makete, huchanua maua mwaka mzima imenishinda. Mwandishi wenu alipanda lini huku juu?

Mkwe wangu aliiamini. Katikati ya Julai akapakia wageni wanne wa Dar, akawapandisha kona zote 57 kutoka Chimala, wamevaa kaptula. Wakakuta majani yamekauka rangi ya gunia, na alfajiri jalidi imetanda nyeupe mpaka juu ya kinyesi cha ng'ombe. Mmoja akaniuliza, "Mzee, maua mmeyahamishia wapi?" Nimefundisha miaka 31, sijawahi kuaibishwa hivyo sebuleni kwangu! Nikamwambia yamelala. Mvua za Novemba ndizo huyaamsha, na kuanzia Desemba hadi Aprili okidi, zile aina zipatazo 45, hupokezana uwandani. Hata yule mbayuwayu wa bluu mliyemwita mkazi wa kudumu ni mpangaji tu: huja kutaga msimu wa mvua, akishalea makinda huondoka zake kwenda pande za Ziwa Victoria. Watoto wangu wa darasa la nne waliandika kwa chaki nyuma ya mlango siku waliyomwona wa kwanza, kila mwaka, na mlango ule unajua mengi kuliko mwandishi wenu.

Halafu ile picha. Binti anacheka, ameshika fungu la okidi zilizong'olewa pamoja na viazi vyake vya mizizini! Viazi hivyo ndivyo vinavyochimbwa kwa magunia na kuvushwa mpakani Tunduma, vikaliwe Zambia katika chakula kiitwacho chikanda. Ukichimba kiazi umeua mmea. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua, nanyi mnapambia ukurasa kwa mizoga yake.

Kila Jumatatu mnachapa msimamo wa ligi hadi timu ya mkiani. Tengeni mistari mitatu chini yake: ua gani limechanua, ndege gani kaingia, yupi kaondoka. Mkikosa wa kuwaandikia, mleteni huyo mwandishi alale kwangu usiku mmoja wa Julai. Blanketi aje nalo.

Mwalimu mstaafu,
Matamba, Makete