Makapeni zisifungiwe kabatini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwenye safu hii wiki mbili zilizopita. Alieleza jinsi binti yake wa miaka sita alivyochora nyumba, jua na mbuzi kwenye ubao mweupe wa baba kwa makapeni ya wino usiofutika, akamalizia kwa kusema kalamu hizo hazina kazi katika nyumba yenye watoto. Barua ile niliisoma mara mbili. Uchungu wake naufahamu, ila hukumu yake siikubali.

Kwanza nimsaidie ubao wake. Achukue kalamu ya kawaida ya ubao mweupe, ile inayofutika, apite nayo juu ya michoro mstari kwa mstari, kisha afute kwa kitambaa kikavu kabla wino haujakauka. Nyumba, jua na mbuzi vitaondoka pamoja na wino mpya. Siri yake ni hii: ndani ya makapeni mna rangi, mna kitu mfano wa gundi kinachoishikiza rangi, na mna kimiminika cha jamii ya spiriti kinachoviyeyusha vyote viwili. Kimiminika kikiruka hewani, gundi na rangi vinabaki vimeng'ang'ania. Kalamu ya ubao nayo ina kimiminika cha aina hiyo, kwa hiyo kikiigusa gundi kavu kinailegeza upya. Pakibaki madoa, pamba iliyochovywa spiriti kidogo itamaliza kazi.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu ndilo linalotupoteza wazazi wengi. Tukisikia wino haufutiki tunadhani umegeuka jiwe. Haufutiki kwa maji. Ukiwekwa kwenye kitu kisichonyonya, kama kioo, bati au plastiki, umekaa juu tu na unaweza kubanduka. Ukiwekwa kwenye pamba, mbao au karatasi, umezama ndani ya nyuzi na kuutoa ni shida. Mtoto wa miaka saba analielewa hilo vizuri akionyeshwa kwa vitendo, na akishalielewa anajua mwenyewe pa kuchora na pa kuacha.

Mimi nilijifunza haya mwaka ambao mwanangu wa pili, akiwa na miaka 9, alivunjika mguu akafungwa plasta kwa wiki sita. Mtoto aliyezoea kukimbia kutwa nzima akawa wa kukaa kitini, mguu juu ya mto, macho dirishani. Siku ya nne, plasta ikiwa imekauka kabisa, dada yake alimchorea samaki mmoja karibu na kisigino. Kufika jioni samaki walikuwa kumi na moja. Wenzake waliokuja kumjulia hali waliacha kuuliza anaumwa wapi, wakawa wanauliza wachore wapi. Plasta inakunywa wino, mistari myembamba inavimba, kwa hiyo walijizoeza kuchora maumbo makubwa na kuacha nafasi kati ya rangi moja na nyingine. Siku ya kuikata aliomba apewe vipande viwili. Anavyo mpaka leo.

Mguu ukapona, hamu ya kuchora ikabaki. Ndipo tukaingia kwenye fulana.

Hii ndiyo kazi ambayo ningependa kila nyumba yenye mtoto iijaribu walau mara moja. Chukua fulana nyeupe ya pamba, ingiza bilauri ndani yake, vuta kitambaa kikazane juu ya mdomo wa bilauri na ukifunge kwa raba bendi. Hapo una kijingoma. Mtoto apige nukta za makapeni katika duara dogo lenye upana wa kifuniko cha chupa, rangi mbili au tatu, akiacha uwazi katikati. Halafu mtu mzima ajaze spiriti ya dawa kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, adondoshe tone moja katikati, asubiri, adondoshe jingine. Asiharakishe. Spiriti inatambaa kwenye nyuzi na kuzibeba rangi, nukta zinafunguka kama ua linalochanua, na pale nyekundu inapokutana na buluu inazaliwa zambarau bila mtu kuichora. Matone yakizidi, ua lote linakuwa doa moja la kijivujivu. Tuliharibu mawili kabla mkono haujazoea.

Siku moja mwanangu alitumia nyeusi tupu, kwa sababu nyingine zilikuwa mikononi mwa dada yake. Nyeusi ile ilipotambaa ilijigawa: pembezoni buluu, ndani yake zambarau, katikati wekundu hafifu. Akaniita, "Mama, njoo uone, kumbe nyeusi ina rangi nyingine tumboni!" Nilimweleza kwamba wino mweusi wa kalamu nyingi hutengenezwa kwa kuchanganya rangi kadhaa, na kila rangi ina mwendo wake ikichukuliwa na spiriti. Baada ya hapo alizijaribu kalamu nyeusi zote za nyumbani juu ya vipande vya kitambaa ili aone ipi imebeba nini, na matokeo akayaandika daftarini mwake. Hakuna aliyemtuma.

Hapa kuna sharti nisilolilegeza. Spiriti inashika moto haraka. Kitambaa kianikwe mpaka kikauke kabisa na harufu iishe, ndipo kipigwe pasi ya moto kwa dakika tano hivi, kwa upande wa ndani, juu ya kitambaa kingine cha zamani. Joto linasaidia rangi kushika. Kusiwe na jiko lenye moto wala mshumaa karibu wakati wa kudondosha, na madirisha yawe wazi. Mara ya kwanza fulana hiyo ifuliwe peke yake.

Sasa nije kwenye kikombe, maana hapo niliumia. Binti yangu alimwandikia bibi yake jina kwenye kikombe cheupe cha kauri, akazungushia majani ya kijani. Maelekezo tuliyokuwa nayo yalikuwa ya mistari mitatu: chora, acha kikauke, mpe umpendaye. Bibi alikifurahia sana. Mara ya pili kukiosha, majani yalikuwa yamekwenda na jina limebaki nusu. Mama mkwe wangu hakusema neno, alikiweka rafuni upande uliosalia ukiangalia sebuleni. Mtoto akaona. Njiani aliniuliza, "Mama, kwa nini jina la bibi limeondoka?" Sikuwa na jibu siku ile, na swali lake sikulisahau.

Jibu ninalo sasa. Kauri iliyopakwa mng'aro haina vinyweleo, inafanana na kioo, kwa hiyo wino unakaa juu tu. Kabla ya kuchora, kikombe kinapaswa kufutwa kwa spiriti ili mafuta ya vidole yaondoke. Kikishachorwa kiachwe siku nzima. Kisha kiingizwe kwenye oveni ikiwa bado ya baridi, iwashwe mpaka nyuzi 180 za Selsiasi, kikae dakika 30 tangu joto hilo lifike, oveni izimwe na kikombe kipoe humohumo. Ukikitia ghafla kwenye joto kali, au ukikitoa kingali cha moto, kinaweza kupasuka. Hata baada ya hapo makapeni ya kawaida itapauka polepole kwa kuoshwa. Zile za rangi ya mafuta ndizo zinazostahimili zaidi. Michoro ikae mbali na ukingo unaoguswa na midomo na isiwe ndani ya kikombe, kwa sababu wino huu haukutengenezwa kwa ajili ya kuliwa. Cha pili cha bibi tulikitengeneza hivyo, na tukamwambia wazi kwamba ni cha kuwekea kalamu na miwani. Jina lake bado linasomeka, ingawa wekundu wa maua umefifia.

Kuna kazi nyingine ndogo ndogo. Mawe laini ya mtoni yaliyooshwa na kukauka yanapendeza yakichorwa, lakini ukiyapulizia vanishi ya kopo, kimiminika chake kinaweza kuyeyusha wino na kuchafua mchoro wote. Afadhali vanishi ya maji, tabaka jembamba kwa brashi. Chupa tupu za kioo zikichorwa mistari mizito myeusi na kujazwa rangi katikati, zikawekwa dirishani, mwanga unapita ndani yake na kuacha madoa ya rangi mezani. Jua likizichoma miezi mingi rangi zitapauka, na mtoto anaweza kuzichora upya. Kalamu zenyewe zilazwe, zisisimamishwe, na vifuniko vibane, maana ncha na utambi wake vikikauka wino uliobaki hauna pa kutokea.

Msomaji mwenzangu aliandika pia kuhusu harufu, na hapo ninamuunga mkono. Harufu ile ni kimiminika kinachoruka hewani, na si kitu cha kuvuta puani kwa kusudi. Nyumbani kwetu tunachora penye hewa, hatuchori ngozi wala kucha, na mdogo aliye chini ya miaka mitano anapewa kalamu zinazooshwa kwa maji. Kanuni hizi nimezibandika ndani ya mlango wa kabati, kwa maandishi ya binti yangu mwenyewe. Kabati halina kufuli.

Kwako Mhariri nina ombi. Ukurasa wenu wa watoto huwa unaweka picha nzuri za kazi za mikono na maelezo mafupi mno. Toeni picha moja badala ya nne, nafasi inayobaki iandikwe kila hatua: uso wa kitu usafishwe kwa nini, kikauke kwa muda gani, joto liwe kiasi gani, nani ashike spiriti. Mtoto akitoa zawadi ikafutika, hawalaumu walioandika maelekezo, anaulaumu mkono wake.

Na kwa baba mwenye ubao: kabla hujafuta, mpe binti fulana nyeupe na makapeni ileile, akae mbele ya ubao na kumnakili yule mbuzi.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama wa watoto watatu