Vijana wa Ufilipino wasiotaka watoto si wabinafsi

Ndugu Mhariri,

Barazani hapa Tanga, wakitajwa vijana wa Ufilipino wasiotaka watoto, lawama huja upesi: wabinafsi, wamelewa uzungu. Wanaonewa.

Kwanza takwimu zisomwe sawasawa. Mwaka 1973 mwanamke wa huko alizaa kwa wastani watoto 6. Utafiti wa kitaifa wa 2017 ulikuta 2.7, wa 2022 ukakuta 1.9. Hiyo haina maana kwamba wengi hawazai. Wengi huzaa mmoja au wawili, wakatosheka. Wasiotaka kabisa ni wachache, na ukifuata mshahara wao unakokwenda utawaelewa.

Kijana, hasa kifungua mimba, akipata kazi tu huanza kusomesha wadogo zake na kuwatunza wazazi. Sheria ya Familia ya 1987, kifungu cha 195, nayo inawafunga wazazi, watoto na hata ndugu kutunzana. Ni mlezi kabla hajazaa. Akihamia Manila kutafuta maisha, bibi ambaye angemshikia mtoto amebaki kijijini. Tangu 2019 mama hupewa likizo ya siku 105 yenye malipo, baba mwenye ndoa siku 7. Baada ya hapo mtoto aachwe na nani? Wengine wamelelewa na bibi, mama akitumikia watu ng'ambo, na hawataki kurithisha upweke huo. Isitoshe, asiye Mwislamu hana talaka. Ndoa ikiharibika hubaki kesi ya kuibatilisha, nayo ni ghali na ndefu.

Wengine husingizia sheria ya afya ya uzazi ya 2012. Ile iliwapa njia za uzazi wa mpango tu. Sababu walikuwa nazo.

Kwetu wastani ulikuwa 4.8 mwaka 2022, lakini kifungua mimba anayebeba nyumba nzima tunaye pia. Akifika zahanati kutaka uzazi wa mpango kabla ya mtoto wa kwanza, asirudishwe kwa kuambiwa atafunga kizazi. Kipandikizi au kitanzi kikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi mapema. Sindano ya miezi mitatu ndiyo huchelewesha, pengine hadi mwaka, na uvumi wa ugumba hutokana na hapo. Mhudumu amweleze hayo kabla ya kuchoma, na anayepanga kuzaa karibuni ashauriwe njia nyingine.

Mkunga mstaafu,
Ngamiani, Tanga