Kula bata kwa hesabu: barua ya wazi kwa mpwa wangu wa Mwanga, Kigoma

Mpwa wangu,

Marahaba. Salamu zako nimezipata. Mama yako naye kanipigia, sauti imempanda, kwamba mtoto aliyempandisha treni ya Kigoma akiwa na mwili wake sasa kwenye picha amebaki shingo. Nikamwambia dada yangu atulie, mtoto hajakonda kwa njaa, amekonda kwa tarehe: mshahara unaingia mwisho wa mwezi, tarehe kumi na mbili umeshakata. Naandika hadharani kwa sababu wenzako mliopangiwa nao kazi wana kilio hichohicho. Jina lako sijalitaja, kwa hiyo usinune.

Unasema umeacha raha zote mpaka mambo yakae sawa. Hapo sikubaliani nawe. Mtu anayejinyima kila kitu hufika mwisho wa mwezi ana hasira na hela yake mwenyewe, ikiingia anaimaliza kwa jioni mbili. Hela ya bata itoe mapema, siku ileile ya mshahara, iweke kando, uile bila kujificha. Kinachokumaliza wewe si bata. Unamalizwa na kununua kila kitu kidogokidogo, tena siku ambayo mji mzima unakitaka.

Chukua dagaa. Umekulia Dar, ambako dagaa wetu hufika wakavu na wameshapita mikono mingi, hujui walivuliwa lini. Hapa utaishi kwa mwezi wa angani kuliko wa kalenda. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi taa za betri na sola. Taa inafanya kazi kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote ni mwanga, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, wavuvi wengi wanapumzika na kushona nyavu. Siku hizo za mbalamwezi fungu la dagaa linakuwa dogo na bei inapanda, na ndizo siku ulizonitumia ujumbe kwamba Kigoma samaki ni ghali kuliko Kariakoo! Giza likirudi, dagaa wanamwagika mwaloni Kibirizi asubuhi hadi akina mama wanakosa pa kuwaanika. Nunua siku hizo, wakavu, wa kukutosha mpaka giza lingine.

Ukifika Kibirizi usinunue kwa macho. Chota kiganjani, vunja mmoja. Aliyekauka vizuri anakatika kwa mlio, asiyekauka anapinda, na huyo atakuotea ukungu ndani ya ndoo. Mwenye rangi ya fedha iliyong'aa ni wa jua moja. Aliyegeuka njano alinyeshewa au amekaa. Halafu uliza walianikwa wapi. Wa kwenye kichanja huwa na bei ya juu kidogo, lakini wa chini unalipia na mchanga, na mchanga haukaangiki. Nyumbani waweke kwenye ndoo kavu yenye mfuniko. Kitunguu, nyanya, pilipili mbuzi moja, mawese, ugali wa muhogo: hicho ndicho chakula ambacho watu wa Dar wanakitafuta mahotelini, wewe unakilalamikia.

Na usione tunatia chumvi kuhusu akiba. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu. Waliokuwa na ndoo mbili za dagaa ndani hawakushika kichwa.

Mawese ni hivyohivyo. Wewe unanunua ya kwenye kichupa, kila jioni, gengeni. Mwenye genge naye anatafuta riziki, simlaumu, lakini ukijumlisha vichupa vya mwezi mzima utakuta umeshanunua dumu na bado huna dumu. Shirikianeni watu wawili watatu, mlinunue wakati wa mavuno, mligawane. Mkaa pia, gunia la pamoja, si kopo kwa kopo. Umeme sitausemea sana, ila jua hili: mita iliyo kwenye daraja la matumizi madogo inauziwa uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na makato, mradi msizidi uniti 75 kwa mwezi. Mkizidi, bei ya uniti inaruka zaidi ya mara tatu. Ninyi wapangaji watano mnachangia mita moja, halafu mmoja wenu anapikia maharage kwenye jiko la koili. Mtafuteni huyo.

Sasa nije kwenye donda lenyewe, michango ya harusi.

Nimehesabu makundi ya harusi uliyoniambia umeingizwa tangu ufike, nikacheka peke yangu. Humjui bwana harusi, humjui bibi harusi, unamjua mtu wa ofisini ambaye ni katibu wa kamati, na umeshaandika ahadi mbele ya watu mia mbili. Ahadi umeiandika kubwa kwa sababu aliyekutangulia kwenye orodha kaandika kubwa. Baada ya hapo ni kukumbushwa asubuhi, mchana na jioni, mpaka unakopa ili ukalishe watu wali. Ikifika siku yenyewe kuna sare ya kitenge, na kwa mji huu ambao vitenge vya Kongo vinaingia kwa boti, hakuna anayekuelewa ukisema hukukipata. Fundi anataka yake. Bodaboda ya usiku inataka yake.

Sisemi usichange. Mji huu utakuzika, utakuuguza, na siku ukioa utakuchangia, kwa hiyo usijitenge. Ninachosema ni kwamba mchango uwe na bahasha yake kila mwezi, kiasi kilekile, na bahasha ikiisha imeisha. Harusi ya ndugu na ya rafiki wa kweli itoe kutoka moyoni. Zilizobaki, andika kiasi kidogo na kilipe siku hiyohiyo. Aliyelipa kidogo mapema anaheshimiwa na kamati kuliko aliyeahidi laki akazima simu. Kuhusu kitenge, nunua kimoja kizuri kwa mwaka, kishone mshono ambao hautachakaa kwa fasheni, na mahali pa sare vaa hicho. Watanong'ona kidogo, kisha muziki utapigwa.

Mikeka ya mpira sina mengi. Umeniambia ulikosa timu moja tu. Wote hukosa timu moja tu, ndivyo ile biashara ilivyotengenezwa. Na mikopo ya kausha damu, hata kama ofisi yake iko jirani na kituo cha daladala na wanakuita bosi, pita upande wa pili wa barabara. Ukitaka kukopa, ingia kwenye kikoba cha wamama wa mtaani kwako. Utanunua hisa kila wiki, utakopa kwa masharti mliyokubaliana wenyewe, na mwisho wa mzunguko mnagawana na faida. Wana faini hata ya kuchelewa kikao, utaona uchungu mwanzoni, lakini kwa mtu wa tabia zako nidhamu ya kusimamiwa na mama mwenye daftari inasaidia kuliko programu yoyote ya kwenye simu.

Na raha? Mpwa, umeletwa kwenye mji ambao ziwa ni la bure. Jumamosi chukua daladala mpaka Ujiji, njoo kwangu, tushuke ufukweni tununue mgebuka mbichi wakati boti zinaingia, tumchome kwa ndimu na chumvi ya Uvinza. Hiyo jioni ukiila hotelini unalipia kiti, meza na mwonekano wa ziwa lilelile. Timu yetu ya Mashujaa iko Ligi Kuu tangu msimu wa 2023/24 na inachezea hapahapa, uwanja wa Lake Tanganyika. Simba au Yanga wakija, panga hela ya tiketi wiki mbili kabla, kwa maana mlangoni siku ya mechi utauziwa na walanguzi. Mechi nyingine nenda banda umiza, joto lake ni sehemu ya burudani.

Raha kubwa ya mwaka nakupendekezea Gombe. Watu wanavuka bahari kuja kuona msitu ambako Jane Goodall alianza kuwafuatilia sokwe mwaka 1960, na wewe unaishi umbali wa boti. Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa. Msikodi boti ya watalii mkiwa wawili. Ama mjikusanye kumi mchangie, ama mpande boti ya abiria inayokwenda vijiji vya kaskazini kutoka Kibirizi, mkiuliza kwanza inarudi lini. Hapo hela ya bata ya miezi kadhaa ina kazi ya kufanya, na hutaikumbuka kwa majuto.

Likizo ukienda kwa mama yako, panda treni. Ndege ya nini, na una siku ishirini na nane? Reli hii Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914 na bado inapita stesheni ambazo chakula kinakuja mpaka dirishani. Tabora mnunulie dada asali, lakini mwonje muuzaji kwanza kwa maswali, na asali kwa kijiko. Dagaa mpelekee ndoo nzima ili anyamaze kuhusu shingo yako.

Halafu ile elfu hamsini uliyoniomba nikuazime. Nimeigeuza mawese. Nimeyalipia sokoni Mwanga kwa yule mama anayekaa mkabala na wauza udaga wa muhogo, anakujua kwa sura, amesema wewe ndiye kijana wa vichupa. Nenda na dumu lako tupu, lililooshwa na kukauka, na mfuniko usiovuja, maana utapanda nalo daladala.

Mjomba wako,
Ujiji