Kwa vijana wa Kisauni mnaosubiri kuitwa

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia ninyi mliomaliza shule na vyuo mkarudi nyumbani. Vyeti vimo ndani ya bahasha, maombi ya kazi mmepeleka bandarini, hotelini na kaunti, na jibu halijaja. Ijumaa mnakesha kanisani, Jumapili mnashuhudia kwamba wakati wenu waja. Nami husema amina pamoja nanyi, kwa kuwa naamini Mungu hufungua milango. Ila kuna jambo lanisumbua moyoni, na mimi ni mtu mzima, si haki ninyamaze.

Mmeanza kuyahesabu maisha ya sasa kama si maisha. Nawasikia: "Nikipata kazi nitamtumikia Mungu." "Kusudi langu halijafunuliwa." Mtu akisema hivyo mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, mwishowe haoni sababu ya kuamka mapema. Anashinda maskani kutwa, na maskani zetu mnazijua, dawa za kulevya haziko mbali. Nimekaa matangani kwa majirani waliozika watoto wa rika lenu. Sitaki kukaa tena.

Fungueni Yohana 21. Petro na wenzake wamerudi baharini, wamevua usiku kucha, hawakupata kitu. Kukicha, Bwana aliyeshinda mauti amesimama ufuoni. Hakuwafanyia mkutano. Aliwawekea moto wa makaa, samaki na mkate, akawaita: "Njoni mfungue kinywa." Lile agizo zito la kulisha kondoo Petro alipewa baadaye, wameshakula. Mimi mtu wa pwani huisoma sura ile nikasikia harufu ya moshi wake. Aliyefufuka alijishughulisha na njaa ya watu waliochoka, asubuhi, kazini kwao, siku ambayo kazi ilikuwa imewatupa mkono.

Mtaani kwetu yuko mama apikaye mahamri. Adhana ya alfajiri ikisikika yeye ameshapiga magoti, akiinuka anasukuma donge aliloliacha liumuke usiku, anakata, anatia karaini. Nimesimama mara nyingi kando ya meko yake. Mbaazi zake hazipunji, chenji hairudishi pungufu hata kwa mtoto mdogo. Wako watoto wawili wapitao pale kwenda shule, nyumbani kwao mambo ni magumu. Huwafungia mahamri kwenye gazeti na deni haandiki. Yakibaki, humpelekea bibi mmoja Mwislamu aliyelala kitandani nyumba ya tatu, na Ramadhani ikifika sahani hurudi na kaimati. Mama huyu hajawahi kushika kipaza sauti. Lakini siku Mungu atakapomfunga macho, mtaa mzima utalia kama wale wajane wa Yafa waliomlilia Dorkasi huku wakionyesha kanzu na nguo alizowashonea.

Na msidhani imani hii ililetwa hapa na watu waliofanikiwa upesi. Pale Nyali kuna kaburi la Rosina, mkewe mmisionari Ludwig Krapf. Walifika Mombasa mwaka 1844, na Julai ya mwaka huo huo homa ikamwua, na kichanga chake kikamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Alipopata nafuu alirudia kazi aliyokuwa ameianza, ya kukusanya maneno ya Kiswahili na kutafsiri Maandiko. Kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, naye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mwenzake Rebmann alikuja 1846 akakaa Rabai hadi 1875, akaondoka akiwa kipofu, na waliokuwa wamebatizwa kwa mkono wao ni wachache mno.

Mwaka huo huo wa 1875 ndipo Frere Town ilipoanzishwa, mlango wa pili kutoka hapa kwetu. Waliokaa pale walikuwa wametolewa utumwani. Wengine hawakujua tena njia ya kwao wala jina la kijiji walikozaliwa. Kama kuna watu waliokuwa na haki ya kusema maisha yao yameharibiwa, ni hao. Wakajenga, wakalima, wakajifunza kusoma, wakaoana, wakaimba. Kengele yao ipo hadi leo pale Kengeleni, nanyi mnaipita kwenye matatu mkiangalia simu. Siku moja shukeni muitazame vizuri.

Kwa hiyo nasema: mmekwisha kuitwa. Omba kazi, endelea kuomba, mimi pia nawaombea kwa majina. Lakini asubuhi usingoje simu ndipo uamke. Soma zaburi moja, omba kwa maneno yako, halafu toka ukamfae mtu. Kuna mtoto jirani yako asiyejua hesabu na wewe umesoma hesabu. Kuna mzee hawezi kubeba mtungi. Ukipata kibarua cha siku mbili Kongowea, kupakua magunia, kifanye kwa moyo kama kwa Bwana, ndivyo Paulo alivyowaandikia Wakolosai, na wakati ule alikuwa akiwaambia watumwa.

Kuhusu hao wanaowaambia mpande mbegu ya pesa ndipo mfunuliwe kusudi, sitasema mengi. Msiwape. Neno la Mungu haliuzwi.

Na yupo mmoja wenu anayesoma haya moyo umemwelemea kiasi kwamba hata zaburi haipandi. Mwanangu, usione aibu. Aliyeandika kwamba rehema za Bwana ni mpya kila asubuhi aliandika ameketi katika mji uliobomolewa. Mana jangwani ilitoka ya siku moja tu, ya kesho ilikuja kesho. Omba nguvu za leo. Na usibaki nalo peke yako, njoo nyumbani hata usiku, mlango naufungua mwenyewe. Pale inapohitajika daktari tutakwenda sote kwa daktari.

Jumamosi hii kina mama tunakwenda kuwatembelea wagonjwa wa mtaa wetu. Wengi wao maji ya bomba yamekatika na sisi migongo imechoka. Njooni saa moja asubuhi, mlango wa kanisa, na kila mmoja aje na mtungi.

Ni mimi mama yenu katika Kristo,
mzee wa kanisa, Kisauni